Waya Wenye Plasta Nyeupe

Benaco, Ngara
Alhamisi asubuhi

Mke wangu mpenzi, Mama Masanja,

Mtu aliyekuletea barua hii anaitwa Mzee Shabani, dereva wa lori la mahindi. Kama ameingia ndani bila kupiga hodi, akampita mama yangu bila kumwamkia na kwenda moja kwa moja kwenye kona ya friji, usimkasirikie. Nimemtuma mimi. Nimemwambia salamu zisubiri.

Kama amekukuta njiani au sokoni akakupa barua mkononi, basi isome hapo hapo uliposimama, kisha kimbia nyumbani. Friji niliyowatumia isichomekwe. Kama tayari imechomekwa, zima kwanza swichi ya ukutani, halafu chomoa kwa kushika plagi yenyewe, usivute waya. Na kama ukifika ukakuta moshi au harufu ya plastiki inayoungua, usiguse kitu. Watoe mama na watoto nje, umwambie mwenye nyumba azime umeme wote kwenye ile swichi kubwa iliyo mlangoni kwake. Msimwage maji. Narudia, msimwage maji, hata kama moto mnauona kwa macho.

Ukishamaliza hayo, rudi ukae chini uendelee kusoma. Sasa naweza kukusalimu kama mtu mwenye adabu.

Hujambo mke wangu? Mmeamkaje huko Shinyanga? Mama anaendeleaje na goti lake, na ile dawa ya kuchua niliyomtumia imemsaidia, au ameigawa kwa wagonjwa wote wa Ngokolo kama kawaida yake? Masanja bado anagombana na viatu kila asubuhi? Na Rehema, yale meno ya mbele yameota? Nawauliza wote kwa mkupuo kwa sababu tangu juzi nawaona wote kwa mkupuo, mmelala, na mimi nimesimama mlangoni nashindwa kuingia.

Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto umeungua kidogo, vidole viwili na kiganja, lakini ninaoandikia ni wa kulia na unaandika vibaya kama ulivyoandika siku zote, kwa hiyo usianze kulia. Nimekaa juu ya debe nje ya mahali palipokuwa jiko langu. Mzee Shabani yuko pembeni anakunywa uji akisubiri polisi wa kusindikiza malori, maana siku hizi msitu wa Biharamulo lori halipiti peke yake. Ameshaniuliza mara mbili kama naandika barua au naandika Biblia. Nimemwambia anywe uji wake.

Nianzie mbali kidogo, ili ujue jinsi nilivyokutumia moto nikidhani nakutumia zawadi.

Zile friji zilikuwa mbili. Wazungu wa nyumba ya pili, wale wanaoshughulika na maji ya kambi ya wakimbizi, walikuja nazo kutoka kwao. Ni ndogo, zinanifika kiunoni, na siku zinaletwa sisi wapishi tulizizunguka kama maharusi. Shida ikawa kwenye plagi. Zilikuwa na plagi za miguu miwili ya mviringo, na soketi zetu, kama unavyozijua, zinataka miguu mitatu bapa. Hazikuingia hata kwa kusukumwa. Mmoja wa wale wazungu akajaribu kuingiza kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu, ikaruka cheche, akakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Ndipo akaitwa Sylvester.

Sylvester ni mtu wetu wa jenereta. Ni mzaliwa wa Rulenge, mkimya, lakini akikuzoea ana maneno ya kuchekesha, na hana ubaya na mtu. Yeye hugeuza l kuwa r, na mimi nikichoka hugeuza r kuwa l kama mama, kwa hiyo tukiongea wawili herufi zinapishana njiani. Alifanya kile ambacho kila mtu huku angefanya. Alichukua pasi mbovu zilizokuwa stoo, akakata nyaya zake zilizokuwa na plagi ya kwetu, akakata na plagi za kizungu kwenye friji, kisha akaunganisha waya kwa waya kwa kuusokota kwa vidole. Kilichobaki ni kufunga pale palipoungwa.

Ile tepu nyeusi ya mafundi umeme haikuwepo. Kwenye maduka ya Ngara ilikuwa imekwisha, na malori yanayokuja huku yanaleta mahindi na maharage, hakuna anayekumbuka tepu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hapa hakijawahi kukosekana, nacho ni plasta ya hospitali. Iko boksi kwa boksi. Huku plasta inafunga kila kitu: mpini wa jembe, fremu ya miwani, kikombe kilichopasuka, na mimi mwenyewe nimefungia kishikio cha sufuria yangu kubwa. Kwa hiyo Sylvester alipozungushia plasta nyeupe kwenye zile nyaya, hakuna aliyeshangaa. Kila waya ulikuwa kama kidole kilichojikata. Consolata, mama wa kijiji cha Kirushya anayenisaidia jikoni, aliutazama mmoja akauambia, "Pole, mwanangu, utapona," tukacheka wote.

Na friji zikafanya kazi. Zilifanya kazi msimu mzima wa mvua na kiangazi chake, zikagandisha maji, zikatunza siagi. Hapo ndipo tulipojidanganya, Mama Masanja. Tulidhani kitu kilichofanya kazi muda wote huo ni kizima. Hakuna aliyekumbuka kwamba jenereta yetu inawashwa jua likizama na inazimwa watu wakienda kulala. Ule waya ulikuwa ukipata joto kidogo, kisha unapewa usiku kucha na mchana kutwa wa kupoa. Huko nyumbani umeme ukiwepo unawaka mchana na usiku. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Utaniuliza pua yangu ilikuwa wapi. Wewe ndiye uliyenitangaza kwa ukoo mzima kwamba nina pua ya kuhesabu chumvi, na kwamba siwezi kukaa kwenye msiba bila kujua maharage yameshika chini. Ni kweli. Lakini huku pua yangu imekufa. Ukisimama huu upande wa mlima jioni, unaona maturubai ya bluu hadi macho yanachoka, na chini ya kila turubai kuna mtu amepiga magoti anapuliza kuni mbichi. Miti ya karibu imekwisha. Ili zishike wanachomeka kipande cha turubai au mfuko wa plastiki katikati ya kuni. Moshi wake unapanda huku kwetu na kukaa. Harufu ya plastiki inayoungua ndiyo hewa yetu, tunaivuta na chai.

Kwa hiyo wiki hii niliposikia harufu hiyo jikoni kwangu, nilifanya nini? Nilifunga dirisha. Nilifunga dirisha ili isiingie, na yenyewe ilikuwa ndani.

Friji ya pili ndiyo hiyo yako. Yule daktari wa kike wa nyumba ya pili alipomaliza muda wake alisema friji moja ibaki jikoni na nyingine apewe mpishi, kwa sababu nilimfundisha kupika chapati zisizokuwa ngumu. Nilimshukuru mpaka akaona aibu. Mke wangu, sijui kama utanielewa, mimi si mtu wa kupenda vitu. Lakini nimekaa huku muda mrefu hadi watoto wangu wananijua kwa barua. Nilipopewa ile friji nilijiona nimepata sehemu ya mwili wangu ya kutuma mbele. Niliwaza Masanja akiufungua mlango wake na kusema, hii imetoka kwa baba.

Na wewe ukaniandikia ile barua yako, ambayo ilinichekesha mpaka Consolata akaja kuuliza kuna nini. Uliandika kwamba mmeitengea kona karibu na kitanda cha mama, kwa kuwa soketi ya nyumba nzima ni ile moja nyuma ya kitanda, na kwamba umeshanunua vifuko vya barafu ya ubuyu na wateja wa pale shuleni wameshaanza kukuuliza. Kisha ukaandika, "Ikifika angalau kitakuwepo kitu cha kukoroma ndani ya nyumba hii, maana tangu uondoke tunalala kimya kama tumefiwa." Barua hiyo nimeisoma hadi mikunjo yake imeanza kuchanika. Sasa nikiisoma naona maneno matatu tu: kitanda cha mama. Naona chandarua kinachoning'inia pale. Naona lile pazia ulilolishona mwenyewe. Namwona Rehema, ambaye najua mnamlaza kwa bibi yake hata kama huniambii.

Jumapili tuliipakia kwenye lori. Niliifunga kwa blanketi langu ili isichubuke njiani, na sasa nalala na baridi ya Ngara inaingia hadi kwenye mifupa, lakini blanketi silijutii. Kinachonirudia ni hiki. Kabla ya kufunga kamba niliukunja ule waya vizuri nyuma yake. Plasta ilikuwa imeinuka kidogo upande mmoja, ikiwa na rangi ya chai. Nikaibonyeza kwa kidole gumba ikae sawa. Niliona ni uchafu wa jikoni.

Jumanne ndiyo siku yenyewe. Tangu mwanzo wa wiki hii jenereta inawashwa na mchana, kwa ajili ya dawa za zahanati zinazotakiwa kukaa kwenye baridi. Jioni hiyo nilikuwa nakata vitunguu, Consolata anachuja maharage. Nikasikia kitu kinakaangwa. Mke wangu, mimi nimepika maisha yangu yote, ile sauti naijua, ni sauti ya mafuta yakipokea kitunguu. Lakini vitunguu vilikuwa mkononi mwangu na sikuwa nimebandika mafuta.

Nikageuka. Nyuma ya friji ile plasta ilikuwa imekuwa nyeusi, na mwali mdogo ulikuwa umekaa juu yake, mdogo kweli, kama wa kibatari. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia nitauzima kwa kuupuliza. Nikanyoosha mkono nivute waya. Mpira ulikuwa umeyeyuka, ukanishika kiganja kama ugali wa moto usiotoka. Nilipiga kelele. Nilipoupata mkono wangu tena, mwali ulikuwa kwenye mkeka wa ukutani, na kutoka kwenye mkeka ukapanda kwenye turubai la paa, na turubai likaanza kudondoka matone yanayowaka.

Consolata alikuwa ameshainua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa ameirudisha nyuma tayari kumwaga. Sylvester alikuwa akija mbio kutoka kwenye jenereta, akampigia kelele ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

"Mama, weka maji chini! Weka chini, acha nizime kwanza!"

Consolata aliganda na ndoo yake. Sylvester akageuka, akarudi alikotoka, na jenereta ikanyamaza. Baadaye alitueleza kwamba maji yale yangefika kwenye waya ukiwa bado na umeme, na huyo mama tungemzika. Consolata ana watoto Kirushya, na mdogo wao, ambaye bado ananyonya, humwacha kwa shangazi yake kila alfajiri. Tangu siku hiyo haiinui ndoo bila kuuliza kwanza kama jenereta imezimwa.

Tulitumia mchanga. Watu wa stoo walikuja, walinzi walikuja, tukamwaga mchanga hadi mwisho, lakini paa lilikwenda na rafu zangu zote zikaenda. Sufuria zimebaki. Hakuna aliyekufa. Tulikaa chini nje, weusi wote, na mimi nikashukuru Mungu kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu nilidhani mambo yamekwisha.

Sylvester akaja kukaa kando yangu.

"Baba Masanja."

"Naam."

"Ire friji yako." Akatazama mikono yake. "Nirifunga siku ire ire. Prasta ire ire. Kwa mikono hii."

Niliinuka nikakimbia barabarani. Nilikimbia kana kwamba lori lilikuwa bado limesimama pale, na mimi ndiye niliyelipungia mkono Jumapili. Nilifika kwenye lami nikasimama, nikatazama upande wa Nyakahura, barabara tupu. Sikuona hata gari moja. Kisha Sylvester akafika nyuma yangu akihema, naye akasimama akatazama huko huko. Alikuwa analia. Ameniomba nikuandikie kwamba anakuomba radhi, wewe na mama. Nimemwambia mtu mwema hatafutwi kosa kwenye plasta, lakini bado hali chakula. Ipokeeni radhi yake, nakuomba, kwa sababu ninamhitaji awe mzima.

Jana asubuhi yule anayekaa kwenye redio ya ofisi alinisaidia. Aliongea na wenzake wa Isaka, akawauliza kuhusu lori lile. Wakajibu lilikwisha kupita hapo, limeelekea Shinyanga, ambako redio yao haina mtu wa kumwita. Wengine walifurahi kwamba limesafiri salama. Mimi nilitamani wangesema limeharibika njiani. Ina maana ninapoandika haya friji huenda iko ndani ya nyumba yangu, na ninakujua, Mama Masanja, wewe huwezi kungoja. Wewe ulifungua zawadi za harusi wageni wakiwa bado wanakula. Nilikupenda kwa hilo. Leo naomba, kwa mara moja tu katika maisha yako, uwe umesahau, uwe umechoka, uwe umekwenda msibani, umeme uwe umekatika mtaa mzima.

Niliomba ruhusa nije mwenyewe. Nimeambiwa nisubiri jiko lisimame tena, maana kuna watu wa kulishwa, na kwenye lori la Mzee Shabani nafasi ya mbele imeshachukuliwa na mgonjwa. Kwa hiyo inakuja karatasi.

Kuna mama mmoja mkimbizi anayetuletea kuni. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini tunaelewana. Jana alikuta majivu, akauliza, nikamweleza yote, hata habari ya barua hii niliyotaka kuandika. Alinisikiliza akiwa bado na mzigo wa kuni kichwani. Kisha akasema, "Wewe una mlango wa kupeleka barua. Mimi nyumba yangu nikitaka kuiambia jambo, nimwambie nani?" Nilimtua mzigo, nikampa uji.

Lakini aliniachia kitu moyoni. Muda wote huu nimekuwa nikijihurumia kwa kukaa mbali nanyi. Nikila ndizi za Consolata, na ni tamu, nisiwe mwongo, nawaza michembe yako ya viazi vikavu. Ukungu ukishuka asubuhi kwenye hii milima hadi sioni mgomba ulio mbele yangu, natamani ile mbuga yetu tambarare ambapo mtu unamwona anakuja tangu akiwa mdogo kama kuku. Nimekuwa nikisema nimewakumbuka, nimewakumbuka, kama mtu anayelalamikia mvua. Tangu Jumanne nimejua kukumbuka ni nini. Ni kumjua mtu amelala wapi, kichwa kimeelekea upande gani, na kushindwa kunyoosha mkono. Nakupenda, mke wangu. Najua hatuna mazoea ya kuandikiana hivi, na kama unamsomea mama kwa sauti, ruka hapa.

Habari ya barafu za ubuyu, nisamehe. Najua umeshawaambia watu, na najua watakuuliza, na kuna ambao watafurahi. Waambie mumeo amesema bado. Friji yenyewe haina ubaya, ubaya uko kwenye waya. Iache hapo ilipo, tia ndani unga, panya hawataweza kufungua. Lakini asiiguse fundi yeyote wa mtaani, na hapa namtaja wazi shemeji yangu, kaka yako Emmanuel, ninayempenda na kumheshimu. Emmanuel akiona waya umekatwa ataleta kisu na njiti za kiberiti. Ile redio yake bado inaongea kwa sababu ya neema ya Mungu tu. Mwambie shemeji yake anamsalimu na anamwomba akae mbali na friji angalau kwa kuta mbili. Jiko langu likisimama nakuja, nitakuja na waya mzima usioungwa, na tutamwita fundi mwenye leseni aitazame na ile soketi ya nyuma ya kitanda, maana nayo sasa siiamini.

Na hilo la kukoroma, acheni nyumba ikae kimya kidogo. Mwenye kukoroma atakuja mwenyewe.

Mama, shikamoo yake impate mikononi. Mwambie mwanawe hajambo na asimwambie mtu kuhusu mkono wangu, najua atamwambia kila mtu. Nisalimie Masanja, umwambie baba amesema yeye ndiye mlinzi wa ile soketi na asiingize kitu pale, hata msumari, hata kijiti. Rehema mbusu kwenye hayo meno. Msalimie baba mkwe wangu, umpe pole ya ng'ombe wake aliyevunjika mguu. Jirani yetu Mama Zawadi, ambaye najua ndiye wa kwanza kuleta soda zake zipoe, mpe salamu na mwambie azinywe hivyo hivyo. Na mjomba wangu wa Tinde, akipita, asikae na njaa.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo ninaloliomba kuliko yote. Polisi wamefika, Mzee Shabani amesimama anafuta mdomo, kwa hiyo nalisema kwa haraka.

Ukishachomoa, weka plagi juu ya meza unapoiona. Chukua kisu cha jikoni, ukate ule waya upande wa friji, shubiri moja kutoka kwenye plasta. Kipande chote, plagi, waya na plasta yake, kifunge kwenye kitambaa, umpe Mzee Shabani. Anageuza lori hapo hapo Shinyanga na kurudi huku na mzigo. Usihangaike kuandika jibu, usitafute karatasi, usimcheleweshe kwa chakula. Kipande hicho ndicho jibu.

Kila lori litakalotoka Isaka nitakuwa barabarani. Nitamjua Mzee Shabani kwa jinsi anavyopiga honi kwenye kona. Akishuka sitampa shikamoo, na nimeshamwomba anisamehe mapema. Nitatazama mikono yake kwanza.

Mumeo,
Baba Masanja